Tairi Kubwa za Ochieng'

Alhamisi, baada ya chakula.

Wiki mbili nzima hukunitembelea, wewe daftari, kumbe umelala tu chini ya gunia la mtama. Huna haya. Basi sikia.

Mwanangu Ochieng' ameifungia pikapu yake tairi kubwa na rimu pana, ati isizame kwenye matope ya barabara ya Pap Onditi. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi sizielewi, lakini macho ninayo.

"Mama, zimeingia vizuri kabisa," akasema. Gari lilikuwa tupu.

Nikawaita akina mama saba tunaouza vyungu pamoja, tukapanda nyuma. Springi zikalala.

"Sasa endesha, Baba, uvuke ule mtaro wa njiani," nikamwambia mwanangu.

Tairi za nyuma zikakwaruza madigadi, yale mabati yanayozifunika, mpaka mpira ukanuka. Mama Njeri akacheka karibu aanguke. Mimi sikucheka. Jumamosi ni sisi hawa hawa tutakaopanda kwenda sokoni, na vyungu vyetu, na tairi moja ikipasuka barabarani…

Ochieng' amenuna, anasema nimemwaibisha mbele ya wanawake. Anune. Nampenda akiwa mzima.

Ukija tena, uniulize kama amerudisha zile tairi ndogo za zamani. Nikisema bado, ujue ufunguo wa gari ninao mimi, nawe usimwambie nilikouficha.