Kichaka cha Nyuma ya Mikorosho

Jumamosi, 2 Agosti

Nimesafisha bunduki tena. Haikuwa chafu. Kibali kiko mezani: pongo mmoja, pori la wazi, mwezi huu. Mama mkwe anatamani nyama ya pongo tangu Ramadhani, na mimi natamani sifa. Mtu wa Kondoa, kazi yake kukaa kwenye mizani bandarini, naye aonekane mwanamume.

Sijui nikawinde wapi.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda kukagua bonde la Ruvuma. Nyayo tele, kinyesi kibichi, njia safi ya kushukia majini. Pongo wako huko, hakuna ubishi. Lakini mto nao uko huko, na ng'ambo yake kuna wale watu wa bunduki wanaochoma vijiji. Waliwahi kuvuka. Watu wanalitaja hilo kwa sauti ndogo.

Nyasi zikatikisika. Nikakimbilia pikipiki. Kumbe kenge! Nimeona haya peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Silali vizuri. Nikifumba macho nasikia nyasi. Nimemwambia mke wangu, Somoe, kwamba bondeni siendi. "Si ulisema kwenu mnalala na simba?" Amecheka mpaka chai ikamwagika.

Basi sitamwambia nimechagua wapi. Nikikosa, nisichekwe mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata. Vichaka vya nyuma ya mikorosho, kijijini kwa kina Somoe. Si shamba la mtu, na vimo ndani ya kibali. Mbali na mto. Nyayo za pongo chache. Mashimo mapya kila mahali, udongo bado una unyevu. Nguruwe pori hao. Wanapochimba nguruwe hapapiti watu.

Nimefurahi. Leo nitalala.

Jumamosi, 9 Agosti

Lazima niandike.

Asubuhi, jua limeshatoka. Nimejibanza nyuma ya kichuguu. Kitu kikasogea chini ya majani, rangi ya udongo, mgongo umeinama. Pongo. Nikalenga. Kikatulia kabisa. Nikasubiri kigeuke, nipate bega.

Hakikugeuka. Kikajilaza. Pongo akishtuka hukimbia, halali kifudifudi. Nikaona kidole cha mguu. Cha mtu.

Kidole changu kilikuwa kwenye kifyatulio.

Sikuita. Sikuomba radhi. Nimerudi kinyumenyume mpaka barabarani, nikatoa risasi bundukini. Somoe nimemwambia nimekosa mnyama. Naogopa hata kunawa mikono, nisiiangalie.

Jumapili, 10 Agosti

Tumeitwa kijijini. Mama mkwe anaumwa. Si homa, ni hofu.

Huwa hasemi nami moja kwa moja. Ni adabu ya huku, mama na mkwewe. Mimi nakaa barazani, yeye ndani, Somoe anapeleka maneno. Leo nimemsikia mwenyewe kupitia dirishani, anamweleza binti yake. Jana alikuwa kichakani anachimba ming'oko. Kumbe ndiyo mashimo yale! Viazi vya porini. Miaka yote hii navila na sijawahi kuuliza vinatoka wapi.

"Nimemwona mtu ana bunduki, mwanangu. Nikajua wale wa ng'ambo wameshafika. Nikajilaza, nikapiga shahada."

Kijiji kizima kimeshasikia. Wanawake hawachimbi tena. Wengine wamefunga mizigo. Mwenyekiti anataka kuita askari.

Nimekaa barazani mpaka jua likapinda. Nilitaka kuondoka. Nikaona mizigo ya jirani mlangoni, godoro limekunjwa, kuku wamefungwa miguu. Nikavua viatu, nikaingia ndani. Sijawahi kuingia chumba kile.

"Mama, yule nilikuwa mimi."

Somoe akashika mdomo. Mama akageukia ukutani. Nikatoka, nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia hivyo hivyo. Amenitukana mbele ya watu. Ana haki.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikwenda kazini. Bunduki nimeikabidhi kituoni, na kibali nimesema sikihitaji tena.

Jioni nimekaa barazani kwa mama mkwe. Jirani amefungua mizigo, kuku wako uani. Mama hajanitazama tangu jana. Sikutegemea anitazame.

Somoe ameniletea sahani ya ming'oko ya kuchemsha, bado ina moshi. Sikuweza kuigusa.

Nikamsikia mama ndani, sauti ya kawaida:

"Mwambie mumeo ale. Inapoa."