Panya Wasiolewa na Mdogo Wangu Deo

Jumamosi, Kabungu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu. Nyumba imejaa wageni na mimi nimejifungia chumbani kwa mama na simu yangu, nikisingizia kichwa kinauma. Kichwa hakiumi. Nina hasira, na nyuma ya hasira nina hofu.

Leo ukoo umemchagua mdogo wangu Deo ashike kikombe cha baba.

Kwa asiyetujua: watu wa kwetu wakienda kuposa, huenda na mtu mmoja wa kupokea pombe ya wakwe kwa niaba ya wenzake. Wakwe huleta pombe ya asali, kikombe baada ya kikombe, na huyo mtu anatakiwa anywe huku akili yake iko palepale, mazungumzo yasije yakaharibika. Kazi hiyo aliifanya baba miaka mingi. Hatukuwahi kumwona akiyumba. "Pombe haimwezi huyu," watu walisema, nami nikiwa mtoto nilivimba kichwa.

Baba alikufa macho yakiwa ya njano, tumbo limejaa maji. Daktari alisema ini limekwisha kwa pombe. Nyumbani wakakataa. Mtu ambaye hajawahi kulewa atauawaje na pombe? Wakasema karogwa, na jirani yetu mmoja hawamsalimii mpaka leo.

Kazi yangu mimi ni kutunza panya kwenye maabara ya chuo. Nao wana koo zao, kila ukoo umezalishwa wenyewe kwa wenyewe mpaka damu imekuwa moja. Tunawapa kilevi kwa kipimo kilekile, tunawalaza chali, tunasubiri wajigeuze. Wa ukoo mmoja wanalala mpaka unaingiwa wasiwasi. Wa ukoo mwingine wanajigeuza mapema na kuanza kunusanusa kona za boksi. Hakuna aliyewafundisha, wamezaliwa hivyo. Ukiwawekea chupa mbili, ya maji na ya kilevi, hawa wagumu ndio wanaong'ang'ania ya kilevi. Wale walalaji wakionja kidogo wanaiacha.

Kwa binadamu pia, asiyelewa upesi ndiye wa kuchungwa. Hana kitu cha kumwambia basi.

Nilijaribu kuyasema haya leo mbele ya watu. Vijana wote walikuwa wamenyweshwa ili ukoo uone nani anafaa, na wengi walishaanza kucheka ovyo. Deo alikaa wima kama yuko kanisani. Nikasema ini halijali kama mtu kalewa au hajalewa. Baba mdogo, ambaye ananipenda kweli, alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani mwanangu, tumekusomesha mpaka chuo, unarudi kutuambia sisi ni panya?"

Kicheko kikazagaa. Shangazi naye akadakia, "Nyie, mtoto wa nyoka ni nyoka! Deo ni baba yake mtupu."

Alikuwa anamsifu. Mimi nilikumbuka yale macho ya njano.

Nikatoka. Najichukia kwa kutoka.

Baadaye Deo alinifuata jikoni. Hakuja kutania. Aliniuliza panya wale wagumu mwisho wao ni nini. Sikutaka kujibu, lakini sijawahi kumdanganya. Tunawaua wote, waliolala na wasiolala, tunawapasua tuangalie ini na ubongo. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Kwa hiyo dada, mimi ndo basi tena?"

Nikamwambia hapana. Panya anawekewa chupa na mtu kama mimi, hana pa kwenda. Wewe una miguu na una mdomo wa kukataa.

Akakoroga majivu kwa kijiti. "Baba alijua?"

Nikamwambia hakujua. Alipokuwa bado na nafasi, hakuna aliyemwambia. Sote tulikuwa tunampigia makofi.

Deo hakusema atakunywa wala hatakunywa. Alirudi kwa wenzake, na nikasikia wakimshangilia.

Kesho asubuhi wanakwenda Sibwesa kwa pikipiki kumposea binamu yetu. Kikombe cha kwanza atapewa yeye, wakwe wote wakimtazama, na kukikataa pale ni kuuaibisha ukoo. Nimemtaka mdogo wangu akafanye mbele ya wageni jambo ambalo mimi limenishinda mbele ya ndugu zangu. Nimecheka kidogo, nikalia kidogo.

Nimemwomba mama kitenge chake kizuri. Amenitazama, akanipa. Sijaalikwa, na baba mdogo ataanza maneno yake ya panya kabla hata sijapanda pikipiki. Acha aseme. Nitakwenda nikae karibu na Deo, na akikirudisha kile kikombe, wa kwanza kusimama upande wake niwe mimi.