Usimpokonye Babu Ndoo

Zulhumor mkwe wangu, unga wa mkate umeumuka, washa tanuri. Mimi nakwenda msibani, mjini Margilan.

Babu akichota maji, usimpokonye ndoo. ~~Akitetemeka, mpokonye.~~ Hata akitetemeka, simama karibu tu. Asubuhi daktari kasema mkono wake uliovunjika umeunga, ila mifupa itavunjika tena misuli ikizidi kulala. Eti abebe vitu, ndipo mifupa ishike nguvu. Nimechanganyikiwa. Tangu aote mvi tunamwondolea hata birika mkononi, tukiita heshima. Kumbe tulikuwa tunamdhoofisha?

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona ulinyamaza?"

"Mlivyokuwa mkilikimbilia lile birika, nani angewakataza?"

Sijui nicheke au nilie. Leo chai ajimiminie mwenyewe. Nikirudi, animiminie na mimi.

Mama mkwe wako