Bosi Kaganda, Kantini Inashangilia

Shoga, acha unachofanya unisome. Nimeaibika leo mpaka nacheka peke yangu!

Si unajua leo ndiyo bosi anaamua kama nabaki kazini au narudi kukaa kwa mama? Na leo hiyo hiyo ana mkutano wa video na wafadhili.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwombea nafasi kwenye mtandao. Ombi lazima litaje aina ya huduma. Ukiandika "ya uhakika" unatengewa njia yako, ukiandika "ya kawaida" unabanana na wengine.

Asubuhi nikajaribu kwanza na televisheni ya kantini. Nikaiandika ya uhakika. NIKASAHAU KUIFUTA.

Ombi la bosi likakataliwa, nafasi imejaa! Akabanana kwenye njia ya kawaida, picha yake ikaganda mbele ya wafadhili mdomo wazi, kama mtu anayetafuta chafya. Kantini mpira unatiririka, mpishi anapiga kelele, "Leo picha safi, jamani!"

Bosi akatoka. "Binti, njia yangu kapewa nani?"

"Kantini, mzee. Nimekosea mimi. Mtandao haumjui bosi, unasoma aina ya huduma tu."

 

Nikafuta ya kantini palepale, nikamwandikia yeye ya uhakika. Picha ikarudi, mkutano ukaisha kwa vicheko.

Akaniambia, "Unabaki. Hukunizungusha. Lakini mpishi utamjibu mwenyewe."

Kumbe nimewakatia picha penalti ikipigwa!

Kazi ninayo, shoga, ila kantini sikanyagi. Niletee chapati, nimejifungia chumba cha mitambo.