Chakula Alichopika Marehemu

Jumamosi, 19 Septemba 1970

Viazi vya katlesi nimemenya tangu asubuhi. Kamba hawakupatikana sokoni, nimechukua nguru. Bwana Ishida kaonja mchuzi, kaguna, katia sukari. Kila kitu anatia sukari, Mjapani huyu. Wiki ya tatu sasa. Mikono imeshazoea.

Mkahawa wake ni chumba kimoja, meza sita, nyuma ya forodha ya Matrah, karibu na Maskati. Alikuwa mpishi wa meli za mafuta, na kabla ya hapo mpishi wa hoteli kwao, walikokuwa wakipika vyakula vya Kizungu kwa namna yao. Ndiyo maana hapa nguru anaokwa kwa siagi na mchuzi mweusi wa soya, na katlesi zinaitwa korokke. Wazungu wanaojenga bandari wanahangaika na vijiti vya kulia, wanacheka, mwisho wanaomba uma. Miye niko nyuma ya pazia. Napika, sionekani. Ndivyo nilivyotaka.

Jumatatu, 21 Septemba

Bi Aziza, ninayekaa kwake, kaniuliza tena nitajificha mpaka lini. Yeye peke yake ndiye anayejua. Naandika hapa nisije nikasahau hata neno moja.

Januari 1964, Unguja. Nimelazwa hospitali, homa kali. Mume wangu Khalfan kaja na mtoto wetu Rahma mkononi, miaka minne. Kanambia wanapanda meli ya Maskati, nafasi ni mbili tu, atanitumia tiketi mwezi ule ule. Nikambusu mtoto.

Tiketi haikuja. Barua haikuja. Miaka sita nashona nguo za watu na kuulizia kila anayetoka huku. Mwaka huu nikapata njia: Dar, Mombasa, Dubai. Huko Dubai nikakutana na mwanamke wa Matrah. Nikamtajia Khalfan. "Maskini," akanambia, "mkewe alifia Unguja. Tulimsomea khitma hapa hapa."

Nikaitikia, Mungu amrehemu. 

Kaniua kwa mdomo apate kuoa. Sheikh Hamdan, mfanyabiashara mkubwa hapa, hakutaka kumwoza bintiye mwanamume mwenye mke. Basi mke akafa.

Sultani mpya kafungua milango, nami nikaingia na Wazanzibari wenzangu. Wao wamekuja kutafuta kazi. Miye nimekuja kulipiza, na kumchukua mwanangu.

Alhamisi, 24 Septemba

Leo kaja kula.

Nilijua atakuja. Ni mtunza ghala wa wale wajenzi, na wajenzi wote wanakula hapa. Sikumwona kwanza, nilimsikia. "Bismillahi," kwa sauti ya juu kama anatangaza, halafu kikohozi kifupi. Miaka minane nilikisikia kikohozi kile kila kukicha. Nikakiweka kisu chini.

Nikachungulia. Kanenepa. Ndevu kazichonga vizuri. Kaketi na Wazungu wawili, kala katlesi nne na nguru mzima, kajipangusa, kamsifu Bwana Ishida.

Chakula changu. Kakila chote.

Ijumaa, 25 Septemba

Bi Aziza ana sumu ya panya kabatini. Nimeitoa, nimeiangalia, nimeirudisha. Mara mbili.

Si huruma. Akifa atazikwa kwa heshima, na mwanangu atamlilia. Sitaki. Namtaka hai, ameketi, watu wanamtazama usoni.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nimeanza.

Nimemwambia Bwana Ishida, kwa maneno yetu machache na mikono, kwamba katlesi zinataka chatini. Kakubali. Nimekuna nazi, nimetia ukwaju na pilipili, na ganda la chungwa nililolikausha na kulichoma juu ya moto mpaka likatoa moshi, nikalitwanga. Hilo la ganda ni langu mwenyewe. Hata mama hakulijua. Khalfan alikuwa akisema hajapata kuila chatini hii kokote ila kwangu.

Kachovya. Katafuna. Kasita. Mzungu mmoja anamsemesha, hasikii. Kachovya tena, polepole, kama mtu anayegusa jeraha. Halafu kamwita Bwana Ishida kumuuliza nani anapika. Mzee kajibu kwa Kiarabu chake kibovu: "Mwanamke. Mzuri sana."

Khalfan kalitazama pazia. Miye nimesimama nyuma yake, nna tabasamu ambalo sijawahi kuwa nalo maishani.

Jumapili, 4 Oktoba

Bi Aziza kanionesha nyumba ya Khalfan. Nimekaa kwenye kivuli ng'ambo ya kichochoro, nimejifunika, mpaka Rahma katoka.

Mrefu. Miguu ya mama yangu. Anakwenda chuoni, kakumbatia juzuu kifuani. Kanipita karibu, nguo yake imenigusa. Kamsemesha mwenzake kwa Kiarabu. Bi Aziza anasema Khalfan kakataza Kiswahili nyumbani kwake tangu siku ya kwanza. Kataka na ulimi wake unisahau.

Sikumwita. Nimeuma mtandio.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kaja peke yake, mapema, kabla ya wateja. Kaagiza katlesi, hakuzigusa. Kaonja chatini tu, kwa kidole. Bwana Ishida alikuwa nje anapokea samaki.

Kaja mpaka kwenye pazia. Naiona ncha ya kiatu chake.

"Wewe unayepika," kasema kwa Kiswahili. "Mtu wa wapi wewe?"

 Mafuta yanachemka. Katlesi zinaungua.

"Nnakuuliza kwa wema."

Nimeziacha ziungue. Moshi umejaa jikoni. Kakohoa, kaondoka. Kaogopa. Nimejua kwa namna alivyogonga meza njiani.

Bwana Ishida kanigombeza kwa ajili ya katlesi. Haki yake.

Jumanne, 13 Oktoba

Saa nne asubuhi, mlango wa nyuma. Natupa maganda. Kasimama pale.

Hakushtuka. Keshajua. Kanitazama toka juu mpaka chini kama mzigo uliofika ghalani kwa makosa.

"Zuwena. Unataka nini?"

"Mwanangu."

"Mwanao kakulilia mwaka mzima. Hakula. Mpaka akapona. Ukimtokea sasa utamvunja. Hilo ndilo unalotaka?"

Nikamuuliza nani aliyemliza.

 Kasema yale aliyokuja kuyasema. Dada yake yuko Bahrain. Jumamosi Rahma anapelekwa kwake, akakae huko. Nikifungua mdomo kabla ya hapo, atasema mimi ni mwendawazimu, na nani atanijua katika mji huu? Sheikh Hamdan ataniamini mimi, mwanamke wa jikoni, aache kumwamini yeye?

Halafu kanambia, kwa sauti ya upole kabisa: "Ungebaki kule. Ilikuwa bora kwa kila mtu."

Hilo nalisikia mpaka sasa. Kama angenipiga ningelisamehe mapema zaidi.

Jumatano, 14 Oktoba

Bwana Ishida kanambia kesho meza mbili ziunganishwe. Khalfan analeta wageni: mkubwa wa wajenzi, Mzungu mwengine, na mkwewe Sheikh Hamdan. Waliagiza wiki mbili nyuma, na kufuta hawezi, mkubwa wake ndiye aliyetaka. Kataka chakula bora kuliko vyote. Na chatini isiwepo.

Nimechoma maganda matatu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Naandika kwa furaha.  

Waliketi baada ya sala ya adhuhuri. Sheikh Hamdan mzee mwembamba, jambia kiunoni, mwenye haya ya kula mbele ya watu. Bwana Ishida kapeleka supu. Kapeleka nguru. Khalfan anatafsiri, anacheka mno, jasho linamtoka. Macho hayatoki kwenye pazia.

Zilipofika katlesi nikamshika Bwana Ishida mkono. Nikalichukua sinia mwenyewe. Nikapita pazia.

Nikaweka sahani mbele ya Sheikh kwanza, na bakuli la chatini kando yake. Ya Khalfan nikaiweka mwisho. Sikuondoka.

Sheikh kainua uso. Nikamwamkia kwa Kiswahili, maana Bi Aziza kanambia alikaa Unguja ujanani. Kaitikia.

"Miye ni Zuwena binti Seif, Sheikh. Mke wa Khalfan. Yule mliyemsomea khitma."

Wazungu wanatazamana. Khalfan kasimama. "Sheikh, huyu ana wazimu. Nimemwona juzi, anazunguka mjini anadai—"

"Kaa," Sheikh kasema. Hakupandisha sauti.

Khalfan kakaa.

 Sheikh kaniuliza jina la mama yangu, nikamtajia. Kaniuliza mtoto ana alama gani. Nikamwambia: nyuma ya sikio la kushoto, doa jeusi kama punje ya mtama. Hapo kafumba macho. Mtoto kamlea miaka mitano kama mjukuu wake, doa analijua.

Kamgeukia mkwewe.

"Ulinambia ulimzika kwa mikono yako. Ulinambia mvua ilikuwa inanyesha. Ulilia mbele yangu, Khalfan. Nikakushika bega. Kaburi lile kalala nani?"

  Khalfan kakikamata kitambaa cha meza kwa mikono miwili, kidole kimeingia kwenye bakuli la chatini na hakuhisi.

Nimemtazama. Sikupepesa. Kila siku ya miaka sita ilikuwa kwenye uso wake ule, nami nikazitazama zote.

Sheikh kanawa mikono. Kasimama. "Unataka nini, mwanangu?"

"Rahma. Kabla ya Jumamosi. Na talaka yangu."

"Utavipata."

Katoka bila kumtazama Khalfan. Wazungu wakafuata. Kabaki peke yake kwenye meza ya watu wanne, chakula kinapoa. Nikaanza kukusanya sahani. Nikaiacha yake.

"Kula," nikamwambia. "Kimepikwa na maiti."

Jumamosi, 17 Oktoba

Bwana Ishida hakunisemesha siku mbili. Leo kanisemesha. Kasema pale si mahakama. Watu wanakuja kwake kupumzika, juzi wametoka na njaa, na yeye kapika kwa siku nzima. Kasema ningemwambia angenisaidia kwa njia nyingine. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimtumia mzee wa watu na chumba chake. Sikuwahi kulifikiria. Nimemwomba radhi. Kaitikia kwa kichwa, karudi kwenye nguru wake.

Khalfan kafukuzwa nyumba aliyopewa na mkwewe. Yule mke mwengine karudishwa kwa baba yake na watoto wawili wadogo. Bi Aziza kamsikia analia mpaka barabarani. Hajui lolote binti yule, alijua kaolewa na mjane. Miye nilimtaka Khalfan peke yake. Haikuwa hivyo.

Lakini sijutii. Nimejikagua usiku na mchana, nimetafuta majuto. Hakuna.

Rahma yuko kwa Bi Aziza tangu jana. Kaja na sanduku dogo. Kanipa mkono kama mgeni. Hataki kula. Kalala ameelekea ukutani.

Jumanne, 20 Oktoba

Talaka imeandikwa kwa kadhi. Khalfan hakuniangalia. Wanasema anakwenda Bahrain kwa dada yake. Aende.

Nilidhani nitatoka pale nikipaa. Nimetoka nikaenda sokoni kununua vitunguu.

Rahma ananiita "ya khala," kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote wa makamo. Kiarabu changu kizito, Kiswahili chake kimebaki maneno kama kumi. Maji. Njoo. Lala. Ananitazama ninapolala. Jana nimefumbua macho, yuko juu yangu anasikiliza kama napumua.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimemleta kazini. Wateja wameshakula, wameondoka. Ijumaa au Jumamosi tunaungojea mwezi wa Ramadhani, na Bwana Ishida atafunga mchana.

Rahma kaketi meza ya dirishani, mikono mapajani. Mzee kamtazama. Kaingia jikoni, kanisogeza kando kwenye moto wangu mwenyewe. Kakaanga wali na kuku na kitunguu, katia sosi nyekundu ya tungule, kaufunga ndani ya kimanda laini cha mayai kama anamfunika mtoto shuka. Kampelekea mwenyewe. Kwao ndicho wanachopikiwa watoto, kasema.

Nikaketi mbele yake. Kapasua yai kwa kijiko. Mvuke ukapanda. Kala tonge moja. La pili. La kumi. Siku kumi hajala hivyo.

Halafu kasema, kwa Kiarabu, bila kuinua macho:

"Ulikuwa unajua kwamba miye ni hai?"

"Nlikuwa najua. Kila siku."



"Miye sikujua," kasema.

  Kaendelea kula. Nje wapagazi wanapakua magunia, wanaitana. Alipofika nusu kasimamisha kijiko, kausogeza ule wali uliobaki upande mmoja, kaisukuma sahani katikati ya meza, na kijiko kakigeuza, mpini ukanielekea.