Kwa Baba, Profesa Kwaku Gyamera Nti, na Habari ya Jeneza Lako

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumatano ile ulipoamka, ukamwambia Mama chai haina sukari, ukaketi kusubiri iongezwe, na Mama aliporudi na sukari akakuta umeshaondoka. Mpaka leo Mama anashikilia kwamba chai ile ilikuwa na sukari ya kutosha. Anasema ulikuwa unadeka tu.

Kalamu nimeishika mimi, Afrakoma. Mdogo wangu Kwabena amesimama hapa begani kwangu ananiambia niandike mazuri matupu kama watu wanavyofanya, ati hili ni tangazo la kumbukumbu, si kesi mahakamani. Nimemwambia atulie. Mazuri yako nitayasema, na ni mengi. Lakini lipo jambo nililokukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nataka nilikiri.

Ulikuwa daktari wa picha. Miaka ishirini na minane ulikaa katika chumba chenye giza hapa Kumasi ukisoma eksirei za vifua na mifupa ya watu ambao hukuwahi kuwaona sura. Mgonjwa humkumbuka daktari aliyempasua. Wewe uliyesema apasuliwe wapi, hakuna aliyekujua, na hilo halikukusumbua hata kidogo. Ulichopenda ni kufundisha. Wanafunzi wako uliwasimamisha mbele ya picha, mikono nyuma, wahesabu kimoyomoyo mpaka mia kabla hawajafungua mdomo. Waanzie pembeni, ulisema, katikati kila mtu anapaona.

Hata nyumbani ulikuwa vivyo hivyo. Nilipomleta Boateng kwa mara ya kwanza ulimkazia macho kimya mpaka jasho likamtoka, halafu ukatangaza kwamba viatu vyake vimepigwa rangi mpaka kwenye kisigino, kwa hiyo ni mtu wa kuaminika. Tumeoana mwaka wa kumi na tano huu. Bado anapiga rangi visigino.

Ulistaafu siku ya Ijumaa, tukachinja kondoo, na Jumatatu ukapanda ndege kwenda Freetown. Mama aliambiwa ni miezi sita. Ikawa miaka tisa, ukija nyumbani likizo tu, na likizo ya mwisho ndiyo ya chai ile. Hospitali iliyokuita huko ilikuwa imepewa na wafadhili mashine kubwa ya kupiga picha, nayo ilikuwa imefunikwa shuka. Hapakuwa na daktari wa kuzisoma picha zake; chache zilizopigwa zilitumwa ng'ambo, na majibu yaliporudi mgonjwa alikuwa keshazikwa. Ulitufunulia hayo kwenye simu kwa hasira ambayo sisi wanao hatukuwahi kuiona. Ukasema kufundisha mtu mmoja ni kazi bure, maana akiugua huyo shuka linarudi. Ukaandika mtaala kwa mkono wako, ukazunguka nao wizarani miezi kumi na minne mpaka ukagongewa muhuri, ukafundisha saba. Halafu Wagambia wanne wakasikia, wakaomba na wao waje. Wakawa kumi na mmoja.

Nami niliwachukia watu hao kabla sijawaona. Nalisema waziwazi kwa sababu kulificha kumenichosha. Kila Jumapili ulipopiga simu nilisikia vicheko nyuma yako. Siku mwanangu anapewa jina, kiti chako alikikalia Kwabena. Krismasi moja uliniita Mabinty, jina la mwanafunzi wako, kwa kupitiwa, mara mbili, mezani, ukacheka. Mimi sikucheka. Sikukuu hiyo hiyo ukamwomba Mama akupikie kisamvu kama cha Freetown, naye akakwambia, "Profesa, majani hayo huku tunawapa mbuzi." Hata hivyo alikupikia, ukala, ukasema bado hakijafikia.

Miaka tisa uliniambia, "Njoo uone darasa langu, Afrakoma." Miaka tisa nikasema mwakani. Hilo ni la kwanza ninalolijutia, nalo halina dawa.

Sasa la pili.

Kwetu mwili wa mwanamume ni wa ukoo wa mama yake, na Nana Dankyi, mkuu wa ukoo wenu, ndiye aliyepanga siku na mahali pa kukuzika. Jeneza ndilo la watoto. Anayemnunulia baba yake jeneza anakuwa amewaambia watu wote kwamba huyu ndiye aliyenizaa. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba na wanafunzi wako wa Freetown walikuwa wamelisikia.

Wiki ya pili baada ya kufa kwako, Alhamisi kabla ya mazishi, tulikuwa kikaoni katika nyumba ya ukoo, Bantama, wakaingia wageni tisa wamevaa nyeusi, nyuso zimechoka na safari. Wawili walikuwa wamebaki zamu Freetown, kwa sababu uliwakataza kukiacha chumba cha picha kitupu hata kwa siku moja. Wakatusalimu kuanzia kulia kwenda kushoto, mmoja mmoja, bila kuruka mtu, nami nikajua ni nani aliyewaonyesha. Akasimama mkubwa wao, Dakta Sahr Nyandemoh, ana mvi kuliko mimi. Alimpitishia msemaji wa Nana maneno yake, kama inavyotakiwa.

"Tumesikia kwamba hapa watoto ndio wanaomnunulia baba yao jeneza," alisema. "Pa, baba yetu, alitulea. Tunaomba na sisi tushike upande mmoja."

Nana Dankyi alifungua mdomo ajibu. Nilimtangulia. Mbele ya mkuu wa ukoo, Baba, mimi uliyenifundisha adabu kwa mwiko.

"Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza," nikasema. "Baba yetu ana watoto wawili, na jeneza tumeshalinunua. Nyinyi ni wageni. Mahema ya wageni yapo kule."

Kwabena akanitolea macho pima. Jeneza lilikuwa halijanunuliwa. Hata kwa seremala tulikuwa hatujakanyaga. Uongo ule sikuupanga, ulinitoka tu, na ulipotoka nikaona utamu wake, nikanyoosha shingo.

Dakta Nyandemoh alinitazama kwa muda, mikono yake nyuma. Akasema, "Tumesikia, Dada. Asante." Wakatoka wote tisa. Nana hakunigombeza. Alisema tu, "Hao watu wamesafiri siku mbili," kisha akaendelea na mambo ya mahema na viti.

Ijumaa alfajiri mimi na Kwabena tulikimbilia kwa seremala wa Asafo kama watu wanaofukuzwa, tukachukua lililokuwa tayari. Lilikuwa jeneza zuri, la mbao nyekundu. Lakini wewe ulikuwa mrefu, Baba, nalo lilikubana mabegani, na waliokulaza walihangaika nawe. Hilo ni langu. Tungekuwa kumi na watatu tungekaa chini, tukapima, tukakuchongea lako.

Jumamosi, watu walipopita kukuaga, wale tisa walisimama mbele yako wakanyamaza. Mstari ukakwama. Wanawake nyuma wakaanza kunong'ona, na mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba ndugu zetu wageni wasogee tafadhali, watu ni wengi. Hawakusogea. Nilijua wanahesabu, na nilijua hawataondoka kabla ya mia. Nikasema moyoni kwamba wanajionyesha. Mungu anisamehe, nilisema hivyo nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka usoni pako.

Mwezi wa tisa wa msiba nilikwenda Freetown kuchukua vitu vyako. Nilimwambia Mama nitarudi baada ya siku mbili. Chumba chako kilikuwa kimefagiliwa. Mashati yako yalikuwa yamefuliwa na kukunjwa, na kodi walikuwa wameendelea kuilipa bila kutuambia. Jirani akanieleza kwamba siku ya arobaini yako walipika, wakalisha mtaa mzima. Sisi hatukualikwa. Nani angetualika, baada ya vile nilivyowafanyia?

Siku ya pili nilikwenda hospitali kutafuta wa kumkabidhi funguo, nikaelekezwa mwisho wa korido. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, gizani, walikuwa wamepangwa vijana sita ambao hata wewe hukuwahi kuwafundisha, mikono nyuma, mbele ya picha ya kifua. Mmoja akaanza kusema kitu. Mwanamke mfupi aliyekaa kwenye stuli yako akamkata, hakunyanyua hata sauti.

"Nani amekwambia useme? Umefika mia? Rudi pembeni uanze upya."

Ndiye Mabinty. Niliusikia mdomo wako, Baba, ule ukali wako usio na kelele, unatoka kwa mtu ambaye sikumpa hata kiti. Nilikaa chini kwenye korido nikalia mpaka muuguzi akaniuliza nimefiwa na nani wodini.

Dakta Nyandemoh alinikuta hapo hapo. Alikaa kwenye benchi, akasubiri. Nikamwambia yote bila kupanga maneno. Kwamba nilidanganya. Kwamba siku ile jeneza lilikuwa bado halijanunuliwa.

"Tulijua," akasema.

Nikamuuliza walijuaje.

"Tulifika Kumasi asubuhi. Kabla ya kuja kwenu tulipita kwa maseremala wote wa Asafo kuuliza ni nani ametengeneza jeneza la Profesa, tusije tukawaletea jambo ambalo mmeshalimaliza. Wote wakasema hakuna mtu aliyekuja."

"Sasa kwa nini hukusema? Pale pale, mbele ya Nana? Ungeniumbua, nami nilistahili."

"Pa alitufundisha, ukiona kitu kibaya kwenye picha ya mtu, humwambii mbele ya watu. Unamsubiri mpaka awe tayari, unamwambia yeye peke yake." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nimeyarudia maneno hayo kila siku tangu niliporudi. Mimi ni damu yako, nimekula sahani moja nawe miaka yote, na ulichokuwa unafundisha sikukijua. Wao walikijua, wakakitumia kunisitiri mimi, siku ambayo nilikuwa nawavua nguo. Ninajuta, Baba. Sina neno jingine la kuweka hapo. Kwabena anasema inatosha sasa, naye pia analia.

Kabla sijaondoka nilimwomba Dakta Nyandemoh ruhusa ya kuandika majina yao kwenye kumbukumbu hii, si chini ya marafiki. Akasema hawezi kujibu peke yake, wako kumi na mmoja. Nilisubiri wiki saba. Kumi walikubali mapema. Foday Marrah alikataa mpaka mwezi uliopita, na haki alikuwa nayo. Alinipigia mwenyewe, akanieleza nilichowafanyia, neno kwa neno, wala sikujitetea. Mwisho akasema niandike, ila nisikosee tahajia ya jina lake.

Nikaenda Bantama kwa Nana Dankyi, nikapiga magoti, nikamweleza. Nilitegemea atasema ukoo ukae kikao. Alikuwa anamenya chungwa. "Waandike," akasema, "lakini kwetu watoto hupangwa kwa umri. Usije ukajiweka mbele tena." Akaturuhusu pia tukuwekee jiwe la kaburi pamoja. Tumeliweka Jumamosi iliyopita, Freetown wakabaki wawili zamu. Ni jiwe zuri, na sote tulilipima kwa kamba. Lakini jiwe si jeneza, hilo nalijua, na lile jeneza ulimo linakubana mpaka leo kwa sababu yangu.

Wanaokukumbuka ni mke wako, Adwoa Pokuaa, ambaye siku hizi anapika kisamvu bila kuombwa na mtu. Mkuu wa ukoo, Nana Kwame Dankyi, pamoja na ukoo wote wa Bantama. Mkwe wako Boateng. Wajukuu wako wanne. Na vijana sita wa darasa jipya, wanaokujua kwa kuhadithiwa.

Na watoto wako, kwa umri:

Sahr Nyandemoh
Lamin Saidykhan
Mabinty Conteh
Alusine Dumbuya
Afrakoma Nti
Tenneh Lahai
Ebrima Colley
Kwabena Nti
Kumba Gborie
Foday Marrah
Yassin Njie
Hawanatu Jalloh
Binta Darboe

Mimi ni wa tano, Baba. Sote kumi na watatu hatutakusahau.