Baba, Una Makaburi Mawili

Baba,

Nianze kwa kusema umetusumbua. Mama amenikataza kusema hivyo, anasema marehemu husikia. Basi usikie. Mtu hakuwahi kugombana na jirani hata ng'ombe walipoingia kwenye mahindi, halafu anakufa na kutuachia ugomvi wa kaunti mbili!

Ulimwambia Mama utalala hapa Kiptere, upande wa chini, karibu na zizi. Ulimwambia Baba Mdogo Nyaberi kwa simu, tena mimi nimeketi hapo nasikia, "Ndugu yangu, nikienda mnirudishe Nyamira." Mchungaji alipokuuliza ukiwa kitandani, ulimjibu kwamba mwili ni udongo na udongo uko kila mahali. Hukujua kumwambia mtu hapana, Baba. Ukaenda zako, sisi tukabaki na mwili mochari na kila mmoja ameshikilia ahadi yake.

Siku ya mkutano nilipofika kutoka Merigi nilikoolewa, hema lilikuwa limesimamishwa na mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Baba Mdogo alikuwa amekuja na magari yaliyojaa watu. Hata chai hakungoja. Alisimama akatangaza kwamba kaburi limeshachimbwa nyumbani, kando ya Babu, na kilichobaki ni kuchukua mwili.

"Kwetu mtu hatupwi ugenini," akasema.

Ugenini! Wewe uliyezaliwa kwenye laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, katika chumba kimoja, Bibi akiwa ametoka kuchuma majani chai asubuhi hiyo hiyo! Babu ndiye aliyetoka Nyamira. Alipandishwa lori na watu wa mzungu waliokuwa wakitafuta wafanyakazi, akaambiwa ni kazi ya muda mfupi tu. Muda mfupi huo ukakuzaa wewe, kisha ukanizaa mimi. Ulisoma hapa, ukabatizwa hapa, ukafanya kazi kiwandani hapa mpaka mashati yako yakawa na harufu ya majani yaliyonyauka hata yakifuliwa. Kikipsigis ulikiongea mpaka watu wa sokoni wanakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Na Nyamira ulikuwa na nini? Kale kashamba walikokugawia, ambako ukilala kwa upana miguu inaingia kwa jirani. Tulikuwa tunakwenda Krismasi tu, na watoto wa huko walituita "watu wa Kericho", wakacheka Kikisii chetu mpaka mdogo wangu Ombati akakataa kabisa kufungua mdomo.

Nilisimama niseme hayo yote. Sijafika mbali, kijana mmoja wa hapa, simtaji, wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha pikipiki, akapaza sauti kutoka nyuma: "Si wachukue tu mtu wao? Hii ni ardhi ya wenyewe, na ndugu zake wenyewe wamekubali kumchukua."

Baba, nilichoka. Nilichoka hapo hapo nikiwa nimesimama. Huku tunaambiwa turudi kwetu. Huko kwetu tunaambiwa sisi ni watu wa huku. Kila uchaguzi ukikaribia Mama hufunga nguo kwenye mfuko, anauweka nyuma ya mlango, na wewe ulikuwa unamcheka: "Wacha hayo mambo, hawa ni watu wetu." Natamani ungekuwepo umsikie huyo mtu wetu.

Ndipo akasimama Baba Chepkoech, jirani aliyekuuzia shamba ulipostaafu. Unajua yeye si mtu wa maneno mengi. Alivua kofia kwanza. Akamgeukia yule kijana.

"Wewe, babu ya baba yako alizikwa wapi?"

Kijana akainua mabega.

"Yangu mimi najua. Iko pale juu kilimani, ndani ya majani chai ya kampuni. Alikuwa mzee sana, akazikwa kando ya zizi yake. Halafu wazungu wakakuja wakafukuza watu, baba yangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wakatusukuma mpaka Chebunyo huko kwa jua. Shamba ikibaki bila watu, wakaenda kuleta babu ya hawa, aje awafanyie kazi. Nani aliuliza yeye kama anataka? Nani aliuliza sisi?" Akaikung'uta kofia maji. "Baba yangu aliniambia nikienda pale nitafute mti fulani. Nilienda. Hakuna mti. Ni chai tu. Watu wanapita juu ya mzee wetu kila siku na mimi siwezi kuambia mtoto wangu, ni hapa. Sasa hii ya hapa nilinunua kwa jasho yangu, na huyu nilimuuzia nikiwa na akili yangu. Azikwe hapo chini. Angalau huyu tutajua yuko wapi."

Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu hospitalini, alijifunika leso usoni akalia kwa sauti. Yule kijana aliondoka polepole, akijifanya anapokea simu. Baba Mdogo alikaa chini, akauliza kama mtu aliyeibiwa: "Na lile kaburi la nyumbani nitalifanyia nini? Haliwezi kuachwa wazi hivi hivi."

Tulikuzika Jumamosi. Tope lilibaki na kiatu kimoja cha mchungaji. Baba Mdogo alisubiri mpaka mwisho, akatupa udongo wake, akaondoka bila kula. Jioni ya siku iliyofuata akanipigia simu kunijulisha kwamba wamekata mgomba, wakaulaza badala yako ndani ya lile kaburi la Nyamira, wakaomba, wakafunika. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, alikuwa analia. Kwa hiyo una makaburi mawili, Baba. Hata kufa umekufa kwa namna ya kumridhisha kila mtu!

Lakini mambo hayakuishia hapo. Zile laini za kampuni wameanza kuzibomoa, kwa sababu siku hizi mashine ndizo zinazochuma. Chumba ulichozaliwa hakipo tena. Na Ombati wako, kitinda mimba, alikwenda kutafuta kitambulisho. Karani akamuuliza, "Kwenu ni wapi?" Akajibu Kiptere. "Nauliza kwenu kwenyewe." Kiptere. Karani akasoma jina lake, akacheka, akamtuma Nyamira alete barua ya chifu. Chifu wa Nyamira akamwangalia juu mpaka chini akamwambia hamjui, hajawahi kumwona, arudi alikotoka. Mtoto wa watu akarudi na basi la jioni, amenyamaza kama zamani tulipokuwa tunachekwa.

Nilitaka kwenda kuwapigia kelele. Mama akaniambia nikae. Asubuhi alivaa gauni la kanisa, akamshika Ombati mkono kama anampeleka chekechea, wakaenda mpaka mbele ya yule karani. Ombati ndiye aliyenisimulia. Anasema Mama hakupaza sauti hata kidogo. Alisema tu, "Baba ya huyu amezikwa Kiptere. Ukifunga ofisi, twende nikuonyeshe." Karani hakwenda. Aliandika Kiptere. Kitambulisho kimetoka, na Ombati analala nacho chini ya mto, nafikiri mpaka aoe.

Nimeandika yote niliyotaka kukugombeza, na hasira haijaisha yote. Jana nilipika ugali na mboga ya managu, nikakutengea sahani bila kufikiri, nikajikasirikia mwenyewe. Ungekuwa hapa ungekula, ungesema ni tamu, hata kama chumvi imezidi.

Mimi sitakufuata kwa hilo. Jumapili baada ya kula niliwaita watoto na mume wangu, nikawaambia wazi mahali nitakapozikwa: Merigi, nyuma ya jiko. Mume wangu akauliza kama naumwa. Siumwi. Nakuahidi, Baba, kila atakayeniuliza nitampa jibu hilo hilo, akasirike asikasirike. Wanangu hawatakaa chini ya hema wakimgombania mama yao.

Mama anakusalimu. Nyasi zimeanza kuota hapo kwako. Pumzika sasa, mzee wangu. Babu walimhamisha, watu wa Baba Chepkoech wakahamishwa. Wewe hakuna atakayekuhamisha.

Binti yako,
Kerubo